Bunduki Nyepesi ya Jorunn

Bergen, 9 Februari

Mama mpendwa,

U mzima? Na lile goti, limepoa? Huku mvua haijakatika tangu Mwaka Mpya, lakini mimi sijambo, nimelowa tu kama kawaida.

Sasa keti kwanza. Nimefaulu mtihani wa uwindaji. Usicheke! Tangu Baba alipotutoka unapanda uwandani, kule juu ya milima, kuwinda peke yako kila vuli, nami huku moyo unakaa juu juu mpaka nipate barua yako. Mwaka huu tutapanda wawili.

Nataka bunduki nyepesi, maana mgongo wangu ni wa mtu wa ofisini. Muuzaji dukani ananisukumia kaliba kubwa, ya risasi nene kama yako, ile thelathini-sifuri-sita, eti kulungu aanguke papo hapo. Kiwambo cha sauti, kile cha kufunga kwenye mtutu kupunguza mlio, anasema ni uzito wa bure. Wewe wasemaje? Nilitaka kukuuliza kwa simu, lakini siku hizi hupokei.

Mwanao,
Jorunn

*

Nyumbani, 21 Februari

Mwanangu Jorunn,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti nalo linajua lenyewe. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, na jirani yetu Torgeir huja kunichimbulia mlango, kisha anajilipa kwa kunywa kahawa yangu yote.

Simu ni mbovu. Ukiongea nasikia nyuki ndani ya chupa. Andika tu.

Nimecheka, ndiyo. Kisha nikaenda chumbani nikalia kidogo, kisha nikarudi kucheka.

Mwambie huyo muuzaji akauze viatu. Bunduki nyepesi yenye kaliba kubwa ni punda mwenye hasira: itakupiga bega mara tatu, ya nne utafumba macho kabla hujafyatua, na mnyama atakwenda na jeraha akafie usikomwona. Hiyo ndiyo dhambi yetu sisi wawindaji, hatuna nyingine kubwa kuliko hiyo. Chukua kaliba ndogo, milimita sita na nusu. Haina kishindo, risasi yake inakwenda mbali imenyooka, na kwa kulungu wa theluji inatosha kabisa, mradi uiweke mahali pake. Kulungu hafi kwa ukubwa wa risasi. Anakufa kwa utulivu wako.

Na kiwambo usikiache! Chagua cha titani, ile metali nyepesi, kifupi, kile kinachorudi nyuma na kuufunika mtutu, ili bunduki isiinamishe pua kama mzee anayesinzia. Mtutu wenyewe uwe mfupi, usije ukanasa kwenye miti. Mimi nilipiga miaka yote bila kiwambo, nikiona ndio ushujaa.

Mama yako

*

Bergen, 17 Mei

Mama mpendwa,

Heri ya sikukuu ya taifa. Hujambo? Watoto wamepita chini ya dirisha langu na bendera na tarumbeta zao, na mimi nimekaa naifuta bunduki.

Nimenunua ulivyosema. Nikiinyanyua nahisi nimesahau kitu nyumbani, jinsi ilivyo nyepesi. Jumamosi nilikwenda kulenga shabaha. Na masikio nimeyaziba, mlio ulikuwa kama kitabu kimeanguka chumba cha pili. Bega halikuuma. Nilibaki na macho wazi nikaona karatasi inatoboka kule mbali, polepole, kana kwamba nimeiota tu.

Mama, kuna jambo. Pasaka uliponitembelea nilikuuliza kama unataka samaki, ukanijibu, "Torgeir hajambo." Ni masikio, siyo simu. Nenda kwa daktari. Tafadhali.

Mwanao,
Jorunn

*

Nyumbani, 2 Juni

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Mimi mzima. Masikio ni yangu, na Torgeir kweli hajambo.

Njoo mwisho wa Agosti. Lete soksi za sufu, za dukani usiziamini.

Mama yako

*

Bergen, 12 Septemba

Mama mpendwa,

U hali gani? Vidole vyangu vimepona. Sikio la kulia bado linalia, lakini linapungua.

Tulishuka kutoka uwandani bila kusema neno, tukakata nyama bila kusema neno, ukanipungia mkono kituoni. Nimengoja barua yako haikuja. Basi naanza mimi, maana ya upande wangu huyajui.

Asubuhi ile ilikuwa nzuri mno, Mama. Kundi la kulungu lilitoka kwenye umande kama mawe yaliyoamua kutembea. Ulinishika mgongo kwa kiganja mpaka pumzi yangu ikatulia. Nilipofyatua, lile dume changa lilipiga magoti, likalala. Wenzake waliinua vichwa, wakatazama huku na huku, wakarudi kula. Hawakujua kifo kimetoka wapi. Ulininong'oneza, "Ona, hawakutuchukia."

Kisha ukasema nianze kuchuna, wewe ushuke ziwani kuleta mizigo tuliyoiacha. Ukungu ukaja kabla sijafika tumboni. Niliacha kisu nikangoja. Nikaita. Nikaita mpaka sauti ikakatika. Nikakumbuka milio mitatu ya kuomba msaada, nikapiga mitatu hewani. Ukungu ukaimeza. Mtu mwenye masikio mazima angesikia, lakini nilikuwa namwita mtu ambaye hakusikia swali la samaki mezani kwangu.

Ndipo nikakifungua kiwambo. Kilikuwa cha moto na skrubu yake imekaza, nikaunguza vidole. Vizibo vya masikio vilikuwa kwenye mzigo, ziwani. Nikapiga mtutu ukiwa wazi, bila kiwambo. Mama, nilidhani mlima umepasuka. Nikapiga tena, na tena.

Nilipoona kivuli kinakuja nilidhani ni kulungu. Ulikuwa wewe, kichwa wazi, koti halijafungwa. Ukasema, "Kahawa ipo?" Basi.

Ulikuwa wapi? Sikulaumu. Nataka kujua tu.

Mwanao,
Jorunn

*

Nyumbani, 4 Oktoba

Mwanangu Jorunn,

Salamu. Nyama imelala vizuri kwenye friza. Torgeir ameonja mchuzi akasema dume lako ni laini kuliko yangu yote, nikamfukuza. Alhamisi atanipeleka kwa daktari wa masikio. Umeshinda.

Umeuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa karibu sana, na hilo ndilo linalonitisha. Ukungu uliponifunika niliketi juu ya jiwe niungoje upite. Kila mahali palikuwa peupe, na wale nyuki wangu wa masikioni wakanyamaza. Kwa miaka sijapata kimya kama kile. Nikamwona baba yako anatembea mbele yangu na koti lake la kijani, bila haraka, kama aliyekwenda kutazama wavu. Hakuniita. Nikavua kofia kwa sababu nilihisi joto. Ni mimi niliyekufundisha kwamba anayehisi joto kwenye baridi anakufa. Nilijua, Jorunn. Nilijua, na sikujali.

Kisha kitu kikanigonga kifuani. Si sikioni, kifuani. Nikakasirika, nikasema, nani huyu asiye na adabu? Kikagonga tena. Baba yako hakugeuka, akaendelea kwenda. Nilitaka kumfuata, sitakudanganya.

Mara ya tatu nikatambua ni wewe. Nikaona haya kukuacha unaita peke yako kwenye weupe ule. Nikainuka.

Mama yako