Bastola ya Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na uwagawie wapwa zangu kabla hawajaanza kugombania bahasha. U hali gani? Mgongo umepoa? Na Shemeji je, vidole vimeanza kukunjika, au bado vimelala tu kama vya mtu mwingine? Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenihama, na sababu yake nitakueleza, ila nakuomba usome hadi mwisho ndipo ukasirike.

Jana nilikupigia simu nikiwa nimejiandaa kusema yote. Uliposema, "Haya mdogo wangu, nakusikiliza," nikakuuliza kama mvua imenyesha huko. Ndiyo maana naandika.

Barua yako niliipata. Umeniomba nimsihi meneja kwa ajili ya Shemeji, kwa kuwa meza yangu iko mlangoni kwake na huwa ananisikiliza. Umeandika kwamba kampuni inataka kumwachisha kazi kwa kosa la kutoitunza bastola yake, ikamkwama siku ya wezi. Halafu ukaandika jambo lililonichoma kuliko yote: kwamba siku hizi hasemi na mtu, anakaa kwenye kiti cha dirishani akijiuliza kama aliipaka mafuta mengi mno au machache mno, au kama kuna siku ya vumbi aliyosahau kuipangusa. Dada, hakusahau kitu. Mimi najua, na jinsi nilivyojua ndiyo habari ya barua hii.

Sijui kama Shemeji aliwahi kukusimulia bastola mpya zinavyojaribiwa hapa kwetu. Mkufunzi wa walinzi ana utaratibu wake: hakuna anayejaribu bastola atakayoibeba mwenyewe. Anasema mtu akipewa bastola mpya huwa kama bwana harusi, haoni kasoro. Kwa hiyo huipiga mtu mwingine kwanza, mkono usioizoea, kisha anageuka mbele ya wote na kusema alichokiona. Akisema iko sawa, mwenyewe anaivaa kiunoni na kwenda nayo lindoni. Risasi za mazoezi hutolewa chache sana, basi neno la yule mjaribu ndilo linalobaki.

Zilipoletwa zile mpya, mlinzi mmoja alikuwa mgonjwa, tukapungukiwa na mtu. Mimi nilikuwa pale kuandika namba za bastola tu. Shemeji ndiye aliyenitaja. Alisema bastola yake mpeni karani, maana hakuna mkono mgeni kuliko wake, na tena shemeji hawezi kumdanganya shemeji. Walinzi wakacheka. Mimi pia nilicheka, nikaiweka kalamu mfukoni.

Mkufunzi alinifundisha kusimama, kushika kwa mikono miwili na kuivuta triga taratibu kama mtu anayekamua jipu. Alinionya kwamba nikilegeza kiwiko na kifundo cha mkono, bastola nzima inaweza kukwama kwa kosa langu. Dada, onyo hilo lilinikaa kichwani kuliko mafunzo yote. Risasi zangu za kwanza zilikwenda chini, upande wa kushoto, moja ikaangukia mchangani kabisa. Kuna mlinzi wanamwita Redio kwa sababu hazimiki. Yeye alipaza sauti kwamba karani apige shabaha, siyo mihuri. Uwanja mzima uliangua kicheko, na Shemeji akawajibu waniache, leo ndiyo siku yangu ya kuchafuka mikono.

Mkufunzi alipokwenda upande wa pili kumrekebisha mwingine, bastola ikakwama. Ganda tupu halikutoka. Lilisimama pale juu limebanwa na chuma, kama mtu aliyebanwa na mlango. Nililitoa kama tulivyoonyeshwa, nikaendelea. Likakwama jingine vilevile. Nililitoa hilo nalo, nikaangalia huku na huku. Hakuna aliyeona. Wakati huo Redio alikuwa akimwigiza mkufunzi anavyotembea, na macho yote yalikuwa kwake.

Nilijiambia ni kifundo changu tu. Nilijiambia nikitaja neno kukwama, mkufunzi atanirudisha kushika upya mbele ya watu wote, na Redio atapata cha kusema mwaka mzima. Ilipofika zamu yangu ya kutoa neno, nikasema bastola iko sawa, ila inavuta kushoto kidogo. Mkufunzi alitabasamu, akaeleza kwamba kushoto ni kwa kidole changu, bastola haina kosa hilo. Wakacheka tena, mimi nikakaa. Unaona nilichofanya, dada? Kosa langu niliitwika bastola, na kosa la bastola nikalibeba mimi, nikalificha. La kwanza nilirekebishwa palepale. La pili nani angenirekebisha, nami sikulisema?

Shemeji aliipokea, akaifuta kwa leso yake, akanipiga bega na kuniambia ahsante, shemeji.

Yaliyotokea kwenye ghala la dawa unayajua, lakini acha niyaandike, maana najilazimisha kuyatazama. Wale wawili waliingia mchana na mapanga, wakijifanya wapakuzi. Shemeji alipiga risasi moja hewani, wakasita. Wakaanza kurudi nyuma, karani wa ghala aliniambia hivyo mwenyewe. Kisha wakamwona anahangaika na bastola, anaivuta, haiendi. Hapo ndipo waliporudi mbele. Aliinua mkono kuukinga uso.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa. Nilipokuja hospitali, wewe ulitoka kwenda kumchukulia maji. Unakumbuka uliporudi ukanikuta nimesimama, ukaniambia nikae? Ulipotoka tu, Shemeji alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliniuliza kama kwangu, siku ile uwanjani, ilikwama. Aliniomba nikumbuke vizuri, maana kama kwangu ilikuwa nzima basi yeye ndiye aliyeiharibu.

Nilimwambia haikukwama.

Alitikisa kichwa polepole, akasema basi ni yeye. Na tangu hapo amekaa dirishani. Kampuni ilipomwandikia barua yake, yeye alikuwa ameshajihukumu, na hakimu wake nilikuwa mimi.

Baada ya kuisoma barua yako leo asubuhi, nilimfuata mkufunzi stoo, nikamwambia yote, nikilia, sina haja ya kukuficha. Aliniuliza kwa nini sikumwita siku ile. Nikajibu kwamba niliogopa kuchekwa. Hakufoka. Alisema tu kwamba yeye huchekwa na Redio kila siku ya Mungu na bado ana mikono miwili.

Tukaenda kwa meneja. Alinisikiliza, akafunga mlango, akaniambia kwa upole nifikirie maisha yangu. Alisema karani asiyejua kushika bastola aliikwamisha mwenyewe, kwa hiyo maneno yangu hayamsaidii Shemeji na yatanimaliza mimi. Dada, kwa muda kidogo nilitaka kumkubalia. Ulikuwa ni ule ule wimbo niliokuwa nikijiimbia kitandani. Mkufunzi ndiye aliyesema basi twendeni uwanjani tukaione.

Alinipa mimi kwanza. Nilipoinua ile bastola niliomba isikwame. Sikukosea kuandika. Niliomba isikwame, ili lisiwepo kosa la kumnyima mtu usingizi, la Shemeji wala langu. Ikakwama. Meneja akapumua, akasema si unaona, ni mkono wake. Kisha akaishika mkufunzi, ambaye mkono wake hauna mashaka. Matundu yake yalikaa katikati ya shabaha yamesongamana, nikaanza kuona aibu ya kuwasumbua watu. Halafu mlio ukakatika. Aliigeuza taratibu mbele ya macho ya meneja. Ganda lilikuwa limesimama palepale, limebanwa. Alipoifungua ofisini tulikuta kile kikucha cha chuma kinachovuta ganda kimekatika ncha. Alisema hakuna mafuta wala kitambaa duniani ambacho kingekiponya, kililetwa hivyo.

Meneja ameahidi mbele ya mkufunzi kwamba Shemeji hataachishwa, na mkono ukipona atawekwa chumba cha mawasiliano. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani hadi watakaponiita. Sijui wataniitia nini, na naogopa, lakini hofu hii ni nyepesi kuliko ile nyingine.

Mkufunzi alitaka kumpigia Shemeji palepale. Nilimsihi asubiri, kwa sababu habari ya kikucha bila habari yangu ingekuwa nusu ya ukweli, na hiyo nusu ingenifaa mimi sana. Kwa hiyo anakuja kwenu kesho na barua hii mkononi. Yeye atamweleza Shemeji habari ya chuma. Ya kwangu msomee wewe. Ukifika katika kusoma pale ninaposimulia ya hospitali, usiparuke, na usinitetee kwamba nilikuwa na woga. Nilikuwa nao, lakini alikuwa amelala na bandeji mbele yangu.

Aliniuliza swali, na anastahili jibu lake. Mwambie: ndiyo, Shemeji, kwangu ilikwama. Mara mbili. Nililijua hilo uliponiuliza.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kama hatapenda kuniona nitamwelewa. Nitumie mtoto mmoja aniambie pale nje, nami nitageuka bila neno. Kama atapenda, sitaomba chakula wala kiti.

Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, na wapwa zangu uwakumbatie mmoja mmoja. Mungu awalinde humo ndani, na akupe wewe nguvu ya kuisoma barua hii kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye Shemeji alimwamini.