Utuopoe au Utuokoe

Jumatatu, 3 Juni

Nimemchukua Kidoti, binti wa marehemu dada yangu. Udongo wa kaburi haujakauka na tayari baba yake anataka kumpeleka kwa masista! Dada alihamia Ukatoliki kwa ajili ya ndoa. Mwanawe atarudi kwetu walokole. Mama anasema nimemwiba mtoto msibani. Nimemwiba? Nimemwokoa!

Jumatano, 5 Juni

Mezani Kidoti kasali Baba Yetu: "utuopoe maovuni." Nikamkatiza. Sisi husema "utuokoe na yule mwovu." Mwovu ana sura, ana makucha — si ukungu! Nimeandika vijitabu juu ya neno hilo moja, na hakuna padri aliyenijibu. Akarudia: utuopoe. Nikamzaba kofi. Akarudia tena: utuopoe! Nikanyakua mwiko, ukavunjikia mgongoni mwake.

Mama akauliza: kwani Mungu siku hizi anasahihisha insha? Kidoti akacheka — huku damu inamtoka puani.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kanifuata kwenye karakana yangu ya uchapaji. Mbele ya mafundi! Nirudishe mwanawe, la sivyo ulokole wangu nitaumeza pamoja na meno. Nikamwambia mtoto si sanamu ya kubebwa kwenye maandamano. Akanirukia. Wino ukamwagika, tukagaagaa ndani yake kama nguruwe. Nilichomoa mpini wa mashine ya kukatia karatasi nikamshushia. Sikio lake linaning'inia. Yeye kaondoka na jino langu la mbele. Sasa hata "Yesu" nalitamka kwa mluzi.

Nyumbani Kidoti aliona wino na damu shatini. Akauliza: ya nani, Mjomba? Nikamwambia, ya baba yako. Hajala tangu hapo.

Jumapili, 9 Juni

Ibadani sikwenda, mdomo umevimba. Shemeji yuko nje na ndugu zake. Wana shoka! Mama analia: fungua, mwanangu, kabla sijazika mwingine. Sifungui. Nimeegemeza kabati. Naandika nimesimama, mpini kwapani. Ubao wa mlango umepasuka — naona jicho, naona bendeji.

Kidoti yuko chini ya meza, anasali kwa sauti. Ngoja — "utuokoe na yule mwovu"! Neno kwa neno! Kashika! Nimeinama nimpongeze.

Hatazami mlango. Ananitazama mimi, anajivuta ukutani, anarudia: na yule mwovu, na yule —