Kibuyu cha Maharage ya Mama

Jumamosi, 5 Oktoba
Kipimamvua: sifuri. Nimekisoma saa moja asubuhi, nimeandika. Mwaka wa sita huu tangu nistaafu ubwana shamba, na katika kijiji kizima ni mimi peke yangu ninayepima mvua. Wengine wanaikisia kwa maumivu ya magoti.

Baragumu limelia alfajiri. Msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wa kuzoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji. Sikwenda. Nimewafundisha watu kilimo Makanya na Bendera miaka thelathini. Sikurudi huku milimani kuja kuzoa tope na watu wasiojua hata kushika beleshi. Mdogo wangu Sefania ndiye mwenye daftari la ndiva. Pia ndiye mzee wa kanisa. Pia ndiye kila kitu. Nimemwona kwa mbali amesimama ukingoni, koti la ibada juu, mabuti ya mvua chini, anahesabu vichwa. Mtu wa darasa la saba.

Ametangaza tena: mbegu zipelekwe kanisani Jumapili ya tarehe tatu Novemba zikaombewe, ndipo watu wapande. Mbegu haina masikio.

Jumatano, 9 Oktoba
Milimita thelathini na nne! Imenyesha tangu saa tisa za mchana. Nimesukuma kidole ardhini, unyevu umekipita chote.

Majirani wamekaa barazani wanaitazama mvua kama mgeni wasiyemjua. Wanamsubiri mchungaji. Kondoo.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimepanda. Mahindi shamba la chini, maharage ya Mama kitalu cha juu.

Maharage haya Mama alikuja nayo akiwa bi harusi, kapewa na mama yake. Mekundu, yana doa jeupe kitovuni. Hakuna duka linaloyauza, hapa wala Same mjini. Yanakaa kwenye kibuyu, yamechanganywa na jivu, juu ya meko yapate moshi. Kibuyu hupewa mtoto wa kwanza. Mama alinikabidhi mwaka niliorudi, macho yake yalipoisha nguvu. Alinipa sharti moja tu: kibuyu hakimwagwi chote.

Nimekimwaga chote. Kitalu ni kikubwa, mvua ilikuwa nzuri, na sharti hilo ni la watu wasio na kipimamvua. Mke wangu Nakijwa ameniambia nibakize hata konzi. Nimemwambia akaangalie chungu chake.

Jumatano, 16 Oktoba
Yameota. Mistari imenyooka kama ya daftari. Kijiji kizima ni vumbi, kwangu kijani. Nimemshika Mama mkono hadi kitaluni. Ameinama, ameyapapasa, amecheka.

Sefania amepita, jembe begani. "Shikamoo kaka. Hii si vuli bado. Ilikuwa ya kupita tu."

Marahaba. Mtu asiyejua milimita ananieleza mimi vuli.

Nimekumbuka sikukuu ya mavuno mwaka jana. Nakijwa alinisumbua nitoe chochote. Nikamfungia maharage ya Mama yaliyosalia kwenye ungo: yaliyosinyaa, yaliyopasuka, na vijiwe viwili vitatu vya kuongeza uzito. Yaliponadiwa pale kanisani watu wote kimya. Sefania akanyoosha mkono. Nakijwa aliponisimulia nilicheka hadi nikakohoa. Mzee wa kanisa na makapi yangu.

Jumatatu, 21 Oktoba
Sifuri. Leo siku ya kumi na mbili bila tone. Utabiri wa kwenye simu unasema mvua kesho. Ulisema hivyo jana na juzi. Simu nayo imekuwa mzee wa kanisa.

Ijumaa, 25 Oktoba
Majani yanajikunja ikifika saa nne. Nimekwenda ndivani kuomba zamu ya maji.

Sefania amefungua daftari. Amepitisha kidole taratibu, mtu wa kusoma kwa kidole. Zamu ni za waliozoa tope. Mbele ya jina langu hakuna alama hata moja, miaka yote sita. Maji yenyewe ni kidogo, yanatosha waliomo tu. Akasema nikija msaragambo ujao ataniingiza.

Nimemwambia mbele za watu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusoma hilo daftari. Ni kweli, nilimfundisha. Hakubisha. Angebisha ningejisikia vizuri.

Mimi na Nakijwa tumeteka maji korongoni kwa ndoo. Mistari miwili tu, mgongo umekataa. Nina miaka sitini na sita. Nakijwa hajasema lolote. Anajua kunyamaza kwa namna ya kuudhi.

Jumamosi, 26 Oktoba
Sifuri.

Jumanne, 29 Oktoba
Yamekufa. Hata ile mistari miwili. Nimeng'oa shina, mzizi umekauka kama uzi.

Mahindi nitanunua mengine. Maharage ya Mama hayapo tena duniani, na aliyeyamaliza ni bwana shamba.

Jioni Mama ameuliza yamefikia wapi. Nimesema yamefika magotini. Akasema Mungu ni mwema. Nimemdanganya mama yangu asiyeona, na yeye akamshukuru Mungu kwa uongo wangu. Ninajidharau. Neno hilo nimeliandikia watu wengi humu, leo ndiyo mara ya kwanza naliandika juu yangu.

Alhamisi, 31 Oktoba
Nimeteremka Same sokoni. Joto la kuokea mkate. Nimepita gunia moja hadi jingine nikipekua kama kuku. Wauzaji wamenicheka, wapumbavu, hawajui maharage hata wanayoyauza. Mwisho nimepata ya kufanana. Mekundu, doa jeupe. Doa limekaa pembeni kidogo.

Nyumbani nimeyapaka jivu. Nimempa Mama machache mkononi, nikasema ndiyo yaliyobaki kibuyuni, ayachambue kidogo asikae bure. Ameyazungusha kwa vidole. Moja ameliweka mdomoni, akaling'ata. Akalitema kiganjani, akanirudishia yote. Akaomba maji ya kunawa.

Jumamosi, 2 Novemba
Nakijwa amevunja ukimya wake. Ameniambia kesho nije kanisani. Nimeuliza kuna nini. Amesema njoo, una macho.

Jumapili, 3 Novemba
Nimekwenda. Sijaingia mle tangu mazishi ya Baba, ukiacha harusi mbili. Watu wamegeuka kunitazama kama nimekuja na mbuzi. Kwaya imeimba nyimbo zinazoizidi uwezo. Mchungaji ni kijana, amezungumzia mpanzi nusu saa nzima, na ninaapa hajawahi kushika jembe. Mwenzangu wa kushoto amesinzia tangu Baba Yetu.

Kisha mbegu zikapelekwa mbele. Debe, ungo, kikapu, ndoo, hata kofia. Mahindi mengi ya rangi ya kuchosha. Sefania ameweka beseni la bluu.

Nimeyajua kutoka benchi la sita. Mekundu, doa jeupe kitovuni. Makubwa kuliko yangu. Yanang'aa.

Watu walipoinama kuomba mimi sikuinama. Nilikuwa nayatazama. Yale makapi. Ameyachambua, ameyapanda masika, ameyavuna, na mimi napita juu ya korongo kila siku bila kuangalia shamba la mdogo wangu, maana nilijua hakuna cha maana kule.

Nakijwa alijua tangu Juni. Nimemuuliza njiani kwa nini hakusema. Amejibu kwamba aliambiwa akaangalie chungu.

Jumatatu, 4 Novemba
Sijaenda kwa Sefania. Nimefika hadi kwenye kivuko cha korongo, nikarudi. Nimemwambia Nakijwa nilikuwa nakagua mfereji. Mwongo, na mwongo asiye na kipaji.

Jumanne, 5 Novemba
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Kwamba napenda kulinganisha mbegu zake na zangu, kitaalamu. Nimemkuta anafunga mpini wa jembe kwa mpira. Amenipa kigoda. Nikaanza habari za kulinganisha. Amenisikiliza, kisha akauliza, taratibu: "Kaka, yamekufa yote?"

Nikasema yote.

Nilisubiri anisimange. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, ningeweza hata kumdharau kidogo. Hakusimanga. Ameingia ndani, ametoka na beseni zima, kaliweka miguuni pangu. Nikamwambia hajabakiza kitu. Akasema amebakiza, yeye hamwagi chote.

Kisha amesema jambo ambalo naliandika kama lilivyo, nisije nikalipamba kesho. "Mwaka ule uliporudi nilikuja kukuomba konzi moja. Mama ni wangu pia. Ukaniambia nikanunue dukani. Basi ulipoyatoa kanisani nikaona Mungu amenipa kwa mkono wako."

Silikumbuki ombi hilo. Nimelitafuta kichwani njia nzima. Silikumbuki, na ndilo baya kuliko yote. Nilimfukuza mdogo wangu kwenye maharage ya mama yake, na halikuwa jambo la kukumbukwa.

Vijiwe lazima alivikuta. Hakuvitaja. Nimevikumbuka mwenyewe.

Alhamisi, 7 Novemba
Milimita ishirini na mbili. Hii ni vuli yenyewe. Kijiji chote kiko shambani kama siafu. Hata kondoo huwa na majira.

Ijumaa, 8 Novemba
Kumi na tisa. Nimemwambia Mama. Yote: mvua ya kupita, kibuyu, magotini, maharage ya soko.

Amesema anajua. Siku ileile niliyopanda, mimi nikiwa naoga, alimwambia Nakijwa amshushie kibuyu akakitikisa. Hakikulia. Nimeuliza kwa nini hakunigombeza. Amesema alikuwa anasubiri nimwambie, na kwamba nimechelewa sana, na kwamba nina kichwa kigumu kama cha Baba. Halafu ameniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 9 Novemba
Kipimamvua: saba.

Baragumu limelia. Nimekwenda ndivani. Nimezoa tope hadi saa nne, mikono imetoka malengelenge. Watu wamenitazama sana, kisha wakachoka kunitazama. Wanashika beleshi vibaya kama nilivyodhani. Sefania ameweka alama mbele ya jina langu bila kunyanyua uso.

Mchana amekuja na jembe lake. Tumepanda kitalu cha juu, mstari wangu, mstari wake. Mistari yake imepinda. Sikusema. Asante pia sikusema, bado iko kooni. Nimembebea jembe hadi kivukoni.

Nusu ya beseni nimeichanganya na jivu, nimeimimina kibuyuni. Nimempa Mama kabla ya kukipandisha juu. Amekitikisa karibu na sikio, muda mrefu.

Kimelia. Amenirudishia, nikakitundika juu ya meko.