Kwa Baba Mdogo, Kuhusu Zabuni ya Mashuka

Mtaa wa Majengo,
S.L.P. 1147,
Dodoma.

14 Septemba, 2003

Mpendwa Baba Mdogo Mbwana,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie Mama Mdogo Sikuzani. Assalaam alaykum nyote wa Ujiji. Goti linaendeleaje? Nilimuuliza abiria mmoja aliyeshuka na treni ya kutoka huko, akaniambia bado unakwenda msikitini kwa miguu, ila sasa na mkongojo. Nikafurahia kwenda, nikasikitikia mkongojo. Ile dawa ya kuchua usiiache.

Hapa sisi wazima. Upepo wa mwezi huu unatuletea vumbi mpaka ndani ya vyerehani, kila asubuhi tunafuta kwanza ndipo tutie mafuta. Zabibu zimeiva, na nimekuanikia kidogo zikauke, nitakupelekea nikipata mtu wa kuaminika.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nilimsomea binti yangu Khairat mara mbili, kisha nikaisoma mwenyewe mara ya tatu, maana nilidhani nimekosea. Unaniamuru nifute malalamiko yangu kwenye bodi ya zabuni ya chuo, nimwachie Swedi kazi ya mashuka, nimshonee kwa jina lake, na nishukuru. Baba Mdogo, nakuheshimu kama nilivyomheshimu marehemu baba. Lakini sikufuta, na sifuti. Nimelitanguliza hilo ili usiisome barua nzima ukilitafuta.

Umeandika pia kwamba haya maneno yetu ya ofisini huyaelewi, wewe unachojua ni kununua na kuuza. Haya, nitakueleza. Hata mimi mwaka jana nilikuwa siyajui, na unajua yaliyotupata.

Zabuni ndiyo hiyo hiyo tenda. Zamani za baba, mkuu wa shule akitaka sare alituma mtu tu, mwambieni Anuari aje na futi yake. Siku hizi fedha ya umma haitumiki hivyo. Chuo kinatangaza kinachokitaka, kila anayeweza anaandika bei yake na kufunga bahasha kwa lakiri. Huyo aliyeandika ndiye mzabuni. Na kinachotakiwa kimeelezwa ndani ya hati ya zabuni, kitabu unachokinunua kwa fedha yako kabla hujajua kama utapata au utakosa: urefu wa shuka, upana, kitambaa gani, pindo la namna gani. Hivyo ndivyo vigezo. Ukikosa kimoja unatolewa nje, hata ulie.

Unakumbuka ya mwaka jana. Uliniandikia mwenyewe kwamba niweke bei yenye nafasi, nami nikaona umesema kweli, kwa sababu sisi watu wa sokoni hatutaji bei ya mwisho kwanza. Tunataja ya kuanzia, mteja anavuta, sisi tunalegeza, mpaka tunakutana. Basi nikaandika bei ya kuanzia, nikapiga muhuri wenye jina lako, nikakaa nyumbani nikingoja waje tupatane. Wiki tatu. Nilinunua hata vikombe vipya, wakija maofisa wasinywee kwenye vile vilivyomeguka.

Kumbe wenzetu wana siku ya ufunguzi. Bahasha zinafunguliwa mbele ya wazabuni wote, bei inasomwa kwa sauti, na ikishasomwa imesomwa. Hakuna kuvutana. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa kati ya wazabuni saba mimi ndiye niliyekuwa ghali kuliko wote, na kwamba kuna mjumbe aliyeuliza kama tunashona kwa uzi wa dhahabu. Nilicheka nao kwa aibu. Njiani sikucheka tena.

Mwaka huu nikapiga moyo konde. Hati niliinunua mapema, nikakaa nayo na Anastazia, binti wa Kongwa anayeshona kwetu dirishani, ambaye amesoma mpaka kidato cha nne. Tuliisoma yote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, jioni tatu mfululizo. Tukafika kwenye dhamana ya zabuni. Hiyo ni fedha unayoiweka benki kuonyesha kwamba hukuja kufanya mzaha: ukishinda ukaingia mitini, imekwenda. Niliuza bangili zangu mbili. Mama Mdogo usimwambie.

Bei niliyoandika safari hii ilikuwa ya mwisho kabisa, ile ambayo mteja angeipata baada ya kunitesa nusu saa. Siku ya ufunguzi nilikwenda mwenyewe, nikakaa mbele. Bei yangu ilikuwa ya chini kuliko zote. Ya Swedi ilikuwa ya tatu.

Baada ya hapo inakuja tathmini. Wanakaa watu wao, wanalinganisha kila zabuni na vigezo, na wanakagua sampuli, yaani shuka moja la mfano ambalo kila mmoja wetu alilipeleka pamoja na bahasha yake. Mwezi ukapita, ikaja barua. Sampuli yangu haikukidhi vigezo kwa upande wa pindo. Pindo, Baba Mdogo. Mafundi wanane katika karakana ya Anuari, ambayo imeuvisha nusu ya mji huu, tunaambiwa hatujui kukunja pindo.

Kazi akapewa Swedi. Wewe unamjua kama mtoto wa rafiki yako mliyesafiri naye, na mimi nimecheza naye utotoni, simchukii. Ila Swedi hana cherehani hata kimoja. Anauza saruji na sukari. Siku ya nne baada ya kutangazwa mshindi alikuja hapa karakanani amejaa tabasamu, akataka tumshonee mashuka yote mia nane, atulipe kwa kila shuka, kidogo tu cha kutuzuia tusilale njaa. Nikamuuliza, kama pindo letu ni baya wewe unalitakia nini? Akajibu kwamba hayo ni mambo ya makaratasi tu, dada Salha. Nilimpa vidonge vyake, akaondoka chai yake haijapoa.

Ndipo alipopanda treni akaja kwako, kama ulivyoniandikia, na sukari na shuka jeupe la kukuonyesha kazi yake. Jiulize mwenyewe, mtu aliyeshinda kwa haki anasafiri mpaka Ujiji kuomba nini? Sukari aliyokuletea inyweni kwenye chai, Mungu aibariki, ila mjue imetoka wapi na kwa nini.

Umeandika kwamba kulalamika ni kuuaibisha ukoo, na kwamba mwanamke wa kwetu hasimami mbele ya maofisa kuwahoji. Baba Mdogo, malalamiko si ugomvi wa bombani. Ni haki iliyoandikwa. Mzabuni asiyeridhika anaandika, anaitwa, anasikilizwa, anajibiwa kwa maandishi. Mimi nilisimama juzi Alhamisi, nimevaa buibui langu, Khairat na Anastazia wamekaa nyuma yangu.

Niliomba sampuli mbili ziwekwe mezani, yangu na ya Swedi. Katibu wa bodi, Ndugu Castory, mtu mtaratibu asiye na makuu, akazitoa kabatini, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina. Nikalishika la Swedi, nikaligeuza upande wa ndani. Pindo limeshonwa mara mbili. Kona imekunjwa kama bahasha. Na pale uzi unapoishia, umerudishwa nyuma mara tatu, tena mara tatu fupi fupi. Baba Mdogo, huo ni mkono wa Khairat. Babu yake ndiye aliyemfundisha akiwa na miaka kumi, na hakuna fundi mwingine Dodoma hii anayemaliza uzi namna ile. Nilimwangalia mwanangu, naye ameshaziba mdomo kwa mkono.

Mwezi wa sita Swedi alituma mtu anunue mashuka mawili, akasema ni ya mgeni wake. Tulimuuzia, na nakala ya risiti ninayo. Nikatoa kitabu cha risiti, nikakiweka juu ya meza. Halafu nikavua futi shingoni, nikawapa wajumbe, nikawaomba wanionyeshe pindo la shuka hili lililofaulu limelizidi wapi la ndugu yake lililofeli. Kitambaa kile kile, mashine ile ile, mkono ule ule. Walipima. Wakapima tena. Vipimo vikawa sawa.

Nilidhani yameisha. Hapo mwenyekiti akatoa barua kwenye faili, na kabla hajaikunjua nikaujua mwandiko. Ulikuwa wako. Umewaandikia kwamba wewe ndiye mwenye karakana, na kwamba kwa niaba ya ukoo unayaondoa malalamiko yote. Kwenye barua yako kwangu hilo hukulitaja. Uliniamuru nifute, na papo hapo ukanifutia, hukungoja hata jibu langu. Sikuwahi kuvunjiwa heshima mbele za watu kama dakika ile. Iliniuma kuliko barua ya pindo, kwa kuwa ile ilitoka kwa watu baki.

Tangu baba afariki, miaka kumi na moja sasa, tumefuata desturi ya kwetu: mkubwa ndiye mwenye jina. Kibao cha mlangoni ni chako, muhuri wako, leseni yako, ingawa sindano hukuwahi kuishika. Sikunung'unika hata siku moja. Lakini mwezi wa tatu leseni iliisha, nikakuandikia mara mbili, hukujibu. Nikakata mpya kwa jina langu. Hati ya zabuni nimesaini mimi. Dhamana imewekwa kwa jina langu. Ndugu Castory alifungua hati, akasoma jina, akamwambia mwenyekiti kwamba aliyeandika barua hii si mzabuni, kwa hiyo hana cha kuondoa. Barua yako ikawekwa kando, wakaendelea na mimi.

Kosa langu ni kwamba habari ya leseni sikukwambia. Kwa hilo naomba radhi, tena kwa magoti. Kwa mengine siombi.

Watanijibu kwa maandishi katika wiki mbili. Wakiamua kutangaza zabuni upya, nitanunua hati upya. Wakinikatalia, kuna ngazi ya rufaa Dar es Salaam, na mafundi wameshaanza kunichangia nauli, Anastazia akiwa wa kwanza. Swedi akija tena nitamkaribisha chai, ila pindo kutoka karakana hii hapati. Nimechoka kushona vitu vinavyokwenda kusifiwa kwa majina ya watu wengine.

Nisalimie Mama Mdogo, Swalihu na wanawe, na majirani wote wanaoniulizia. Khairat anakuamkia. Alilia Alhamisi, sasa ametulia, lakini itafaa umwandikie yeye mwenyewe maneno mawili, kwa sababu na kazi yake uliitoa bure. Anastazia naye anakusalimu ingawa hamjaonana.

Limebaki moja. Kile kibao cha mlangoni bado kina jina lako, sijakigusa. Niambie nikiache au nikishushe. Jina ni lako, na lolote utakaloamua nitalitii siku hiyo hiyo. Ila kabla hujaandika, litazame vizuri hilo shuka jeupe alilokuja nalo Swedi kukuonyesha kazi yake, kama bado unalo. Ligeuze, utafute uzi unapoishia. Kisha uniambie ni jina la nani linalopaswa kukaa pale juu.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulainishie goti, na atukutanishe tena tukiwa wote tunaweza kuangaliana usoni.

Mwanao akupendaye,

Salha binti Anuari