Chuma cha Kidato cha Tatu

Nkunga, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na migomba je, upepo haujaiangusha? Sisi hapa wazima, na mume wangu Jackson anakuamkia. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako unaiweka spika mpaka Kisondela nzima inasikiliza, na haya ni ya kwako.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walinichosha wakitaka kuona kwa macho jinsi jiwe linavyotoa chuma. Basi tukajenga tanuru la udongo nyuma ya maabara, tukamwomba Mzee Ambilikile, ambaye babu zake walikuwa wahunzi wa Ukinga, atuelekeze. Akapanga tabaka la makaa, tabaka la mawe mekundu, huku akinitania kwamba kemia yangu haina hata mvukuto. Nami nikawaeleza watoto kwamba chuma kimeng'ang'aniwa na oksijeni ndani ya jiwe, na gesi ya makaa ndiyo huja kuinyang'anya.

Mara ya kwanza tulipata mavi ya chuma tu. Kosa nililijua: makaa yalikuwa yamenyeshewa, moto ukakosa nguvu. Mzee akasema hapana, yupo mwanamke mwenye mimba hapa, na tanuru halimtaki. Macho yote yakamwendea Gloria, binti aliyekuwa akitapika wiki ile kwa malaria. Kesho yake hakuja shule. Niliumia, mama, lakini nilinyamaza.

Tulikausha makaa, tukarudia. Nilivukuta mwenyewe karibu kutwa. Tulipobomoa tanuru likatoka bonge la chuma, sumaku ikanasa pale pale, watoto wakaruka kwa furaha. Mzee akasema, mnaona? Gloria hayupo, chuma kimekuja.

Hapo nilishindwa kujizuia. Niliwaambia mjamzito alikuwepo mara zote mbili, tena ndiye aliyevukuta: ni mimi. Mzee alinipa pole, "ndaga, ndaga", akafoka niletewe kiti. Kisha akaenda mwenyewe kwa kina Gloria kuomba radhi, na binti amerudi darasani.

Ni miezi minne, mama. Baada ya zile mimba zilizoharibika niliogopa hata kuitamka hii, nisije nikakuliza tena. Sasa kidato cha tatu kizima kimejua kabla yako kwamba unapata mjukuu. Usininunie. Njoo.

Wasalimie kaka Lugano na wote wa hapo nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Atupokile