Maua ya Mlangoni kwa Mama

Achieng mjukuu wangu,

Habari za Nairobi? Huku Rusinga tuko salama, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza mama yangu alitibu kikohozi kwa ua gani kati ya yale ya mlangoni. La manjano lilikuwa la tumbo, hilo nalijua. Nilikuwa msichana alipofariki. Wanaume wa boma walifyeka maua yote ili waombolezaji wapate nafasi ya kukaa, na sote tukaona tumemheshimu.

Baada ya mazishi, jirani alikuja na mtoto anayekohoa, akasimama pale palipofyekwa.

"Poleni," alisema. "Na maua je?"

Nilikuwa nikiyamwagilia maji kila jioni, Achieng, lakini mbali na lile la manjano, nakumbuka rangi tu, sijui lipi lilikuwa la kikohozi.

Dani yako, bibi akupendaye.