Shingo ya Karai

Jumatatu, 8 Septemba

Kamba, raundi sita. Tumbo, mara mia mbili. Gunia la ngumi sijaligusa, nimekatazwa. Daktari wa ulingoni aliandika siku thelathini bila ngumi ya kichwa, na Kocha Odhiambo anazihesabu moja moja. Leo ni siku ya tisa.

Nilianguka hapa hapa Migori, mbele ya watu wetu. Raundi ya pili. Awuor wa Lambwe, msichana mzito wa miguu, anatembea ulingoni kana kwamba anapalilia. Raundi ya kwanza nilimchapa hadi hajui zinatoka wapi. Kisha akarusha moja tu, ya kulia. Kidevuni. Basi.

Tangu siku hiyo Kocha ana wimbo mmoja. Mikono juu, kidevu chini. Mikono yangu hukaa kiunoni kwa sababu huko ndiko inakotokea haraka. Ndiyo maana wananiita Stima, kama umeme. Nani atatoka kwake kuja kumtazama Stima amejificha nyuma ya glavu zake? Afadhali nikae nyumbani nioshe vyombo.

Tarehe kumi na nane Oktoba tunarudiana na Awuor, Homa Bay. Watu wa timu ya askari watakuwepo. Wanatafuta mwanamke wa kilo hamsini na nne. Mmoja. Ukichukuliwa ni kazi ya kudumu, sare, na ngumi kila mwezi. Nina miaka ishirini na mitatu. Nimechoka kupima vitambaa.

Jumatano, 10 Septemba

Dukani kwa Bi Rehema tangu asubuhi. Wale wa boda wanaoegesha mbele ya duka wana mchezo mpya. Mmoja anarusha ngumi, mwenzake anaanguka chali, miguu inatetemeka. Kisha wote wananigeukia waone nitafanya nini. Nimetoka na ile mita ya mbao mkononi. Wametawanyika. Mjinga mmoja ameacha hata kofia yake.

Bi Rehema ni mtu wa Mombasa, hapendi fujo mlangoni kwake. "Mwanangu, hasira hizo ziwekee akiba." Akiba ya nini? Ninazo za kila siku na zinabaki.

Jumamosi, 13 Septemba

Mama ananikera. Kila asubuhi kabla hajaenda kuuza samaki anasimama mlangoni na maswali. Leo ni siku gani? Jana tulikula nini? Duka la Bi Rehema liko wapi? Leo nimemjibu: Jumamosi, ugali na mboga ya osuga, pale pale lilipokuwa jana. Nikamuuliza, kwani mimi niko nasari? Akakunja ngata yake, akaiweka kichwani, akapandisha karai la samaki juu yake na kuondoka.

Mwenyewe hajawahi kutazama pambano langu hata moja. Husimama nje ya ukumbi, mgongo ukutani, akingoja kelele ziishe. Leo ndiye wa kunipima akili.

Jumanne, 30 Septemba

Siku thelathini zimeisha. Niliingia ghalani kwa furaha, na Kocha akaiharibu kabla hata ya kengele. (Tunafanyia mazoezi kwenye ghala la mahindi, ulingo wetu ni kamba na magunia.) Alichukua bandeji akanifunga glavu kwenye kofia ya kinga, moja kila shavu. Eti nijifunze kukaa ndani. Nimepigana raundi mbili kama mbuzi aliyefungwa. Sioni, sifiki, sipumui. Na kidevu bado kiko juu! Akaniwekea mpira wa tenisi chini ya kidevu niubane. Ukaanguka. Akaurudisha. Ukaanguka tena.

"Atieno, hii shingo yako ni ya mbao?"

Nikakata bandeji kwa meno. Nikamwambia yeye alikuwa bondia wa kujificha, ndiyo maana hakuna anayemkumbuka. Nilisema hivyo. Mbele ya wote.

Hakukasirika, na hilo limeniudhi kuliko matusi. Akanivuta kando karibu na mizani. Akauliza kama najua nilimwambia nini Mama siku ile nilipozinduka. Nikasema sikumwambia kitu.

"Ulimuuliza kama baba yako ameshafika kutoka Awendo."

Baba alikuwa dereva wa trekta la miwa Awendo. Tulimzika nyumbani kwetu Rongo miaka mitatu iliyopita.

"Usipobadilika, Homa Bay sikupeleki," Kocha akasema, akaenda kuwafunga wengine glavu.

Jumatano, 1 Oktoba

Sikumbuki. Nimejaribu kutwa nzima. Nakumbuka kengele. Nakumbuka refa, masharubu yake. Nakumbuka taa za ukumbi. Hilo la Baba silioni popote. Nimemkatia mteja mita mbili badala ya tatu.

Mwezi mzima wananificha. Wote! Ukumbi mzima unajua kitu kilichotoka kinywani mwangu, mimi mwenyewe sijui.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimemuuliza Mama tukiparua samaki. Hakukana. Nilimshika kanga, nikamuuliza mbona Baba amechelewa. Nikauliza mara tatu.

"Ukanijibu nini?"

"Nikasema yuko njiani."

Nimempigia Mama kelele. Sijawahi. Mbona unidanganye? Mbona usiniambie amekufa? Akaweka kisu chini, magamba yamemjaa mikononi. "Nilimzika mara moja, nyathina, mwanangu. Ulitaka nimzike tena pale, mbele ya watu wanaokula njugu?"

Nikaendelea kuparua hadi nikajikata kidole. Hasira bado ninazo, ila sijui ni za nani.

Sasa naelewa yale maswali ya asubuhi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mama amekuja ghalani. Hakunionya. Ameingia kutoka sokoni na karai lake tupu, akaketi juu ya gunia, akatazama. Macho wazi.

Nilikuwa napigana na msichana wa Rongo. Mikono nimeiweka juu, roho inaniuma. Kidevu kiko kule kule. Kocha anafoka, kidevu, kidevu, sauti imemkauka. Katikati ya raundi Mama akasimama.

"Japuonj, unamgombeza bure. Hiyo shingo ni mimi niliyeitengeneza."

Mama humwita Kocha hivyo, mwalimu, kwa heshima, lakini leo heshima haikuwa nyingi. Akamwambia amenitwika karai la samaki tangu nina miaka saba. Kila siku alinionya kwamba nikiinamisha kichwa samaki watamwagika, na nikimwaga sirudi nyumbani. Sasa leo mtu anakuja na mpira wa tenisi anataka niinamishe?

"Na mwenye karai mlangoni anaingiaje bila kuinama, Min Atieno?" Kocha akauliza. Min Atieno, yaani mama wa Atieno, nadhani alilitamka kwa hasira.

Mama akajaza karai maji. Ngata kichwani, karai juu. Akaelekea kwenye ule mlango mdogo wa nyuma, ambapo hata mimi hugonga kichwa. Shingo haikuinama hata kidogo. Magoti yaliinama. Alishuka mzima mzima, mgongo wima, akapita, akainuka upande wa pili. Akageuka akarudi hivyo hivyo. Sakafu kavu.

Kocha alivua kofia. "Rudia, Min Atieno. Polepole."

Miaka miwili ananifokea kuhusu kidevu. Hata siku moja hakuuliza kilipandaje huko.

Alhamisi, 9 Oktoba

Karai la maji kichwani. Kamba imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta, kimo cha kifua. Nashuka, napita chini yake, nainuka, ngumi mbili hewani. Narudi. Nimelowa hadi soksi. Wenzangu wanacheka, na yule wa Rongo ameniuliza samaki ni bei gani. Nimemwambia asubiri Jumanne.

Kocha bado anataka glavu zote mbili mashavuni. Nimekataa. Mkono wa kulia nitaupandisha, wa kushoto ubaki huru. Tumebishana hadi akachoka akasema haya. Nimeshinda hilo moja.

Lakini hii si ngumi, ni kazi ya soko! Nilianza ngumi ili niikimbie kazi ya soko. Nimekimbia miaka sita, na karai limenifuata hadi ulingoni.

Jumanne, 14 Oktoba

Msichana wa Rongo amenirushia raundi tatu. Moja tu imenipata, ya bega. Kocha hakutaja kidevu.

Nachukia kwamba inafaa.

Jumamosi, 18 Oktoba. Homa Bay

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ukumbi, bandeji bado ziko mkononi. Niandike sasa, nikiwa nakumbuka kila kitu.

Raundi ya kwanza nilipita chini ya kila alichorusha Awuor. Anarusha, mimi sipo. Nikiinuka namgonga mbili, natoka. Nilijua naongoza. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, watu wanatazamana. Kisha mtu mmoja huko nyuma akapaaza sauti: "Stima imepotea!" Wakaangua kicheko. "Leteni mishumaa!" Wakaimba wote, na wale waliotoka nasi Migori wakaimba nao. Nawajua kwa majina.

Kocha aliniambia kwenye kona nisisikilize. Nilisikiliza.

Raundi ya pili nikashusha mikono. Ukumbi ukaamka. Nikamchapa Awuor nne, tano, sita, wakasimama juu ya viti wakiita Stima, na mimi nikaona utamu. Halafu ikaja ile ya kulia. Ile ile. Niliiona ikija, hilo ndilo linalonichoma, niliiona kabisa. Magoti yakalegea. Sikio likapiga mluzi. Sikuanguka, lakini refa alinihesabia hadi nane nikiwa nimesimama.

Nikamtafuta Mama. Sikumtafuta nje ukutani, nilijua leo yuko ndani. Alikuwa amesimama mstari wa pili, mikono yote miwili kichwani. Kwetu mwanamke akiweka mikono kichwani hivyo, kuna maiti. Nikachemka. Bado sijafa, Mama, shusha mikono! Kisha nikaona magoti yake. Yanakunjika, yananyooka. Yanakunjika, yananyooka. Alikuwa ameshika karai ambalo halipo, mbele ya watu wote wale, Mama yangu ambaye hata kanisani hukaa nyuma.

Raundi ya tatu sikusikia ukumbi. Nilishuka na kuinuka hadi mapaja yakawaka moto. Awuor alipiga hewa mpaka akashindwa kuinua mikono. Raundi nzima ilikuwa yangu.

Majaji watatu kwa Awuor. Wawili kwangu. Ile raundi ya pili ndiyo iliyoniangusha, kwa kuhesabiwa kule walinikata pointi nyingi. Watu wa timu wamemchukua Awuor, nimewaona wakiandika jina lake na namba ya kiatu chake.

Jumapili, 19 Oktoba

Nina hasira hadi meno yananiuma. Si kwa Awuor. Awuor alirusha ngumi yake ile moja, amefanya kazi yake. Ni mimi. Nafasi nilikuwa nayo mkononi, nikawapa dakika tatu watu wanaojua jina la Stima tu. Jina langu la nyumbani hata hawalijui. Walipomaliza kupiga kelele walikwenda zao kula.

Kocha alikuja mchana. Anasema kuna majaribio mengine Desemba. Nilimwambia asiniongeleshe. Alikaa nje nusu saa akiongea na Mama, sijui ya nini, kisha akaenda.

Nimelirudisha gunia langu la nguo chini ya kitanda. Nilikuwa nimepakia kila kitu, kana kwamba wangenichukua siku ile ile. Mjinga mimi.

Jumanne, 21 Oktoba

Sikio limenyamaza. Nimeamka kabla ya Mama kuondoka. Alikuwa mlangoni, karai limejaa samaki chini miguuni pake, ngata mkononi. Alikuwa ananingojea.

Hakuuliza leo ni siku gani. Hakuuliza tulikula nini.

"Baba yako yuko wapi?"

Hajawahi kuniuliza hilo. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, lakini ngata alikuwa ameikamua kama kitambaa cha kupigia deki.

"Yuko nyumbani Rongo, Mama. Upande wa migomba. Siku ile mvua ilinyesha, ukakataa mwavuli."

"Ee," akasema. Kisha akarudia, "Ee. Niliukataa."

Nikachukua ngata mkononi mwake, nikaiweka kichwani kwangu. Akainama, akainua karai, akanitwika. Mlango wetu ni mfupi. Nikakunja magoti, nikapita.